Doti Kumi na Moja

Kanga mpya ina harufu yake ya rangi na wanga. Wenzangu wanaipenda. Mimi ikinifika puani natamani kutema mate. Jana jirani yangu kaja na doti ya sare ya harusi ya binti yake, kaikunjua mlangoni kwangu, na palepale nikajiona nina miaka kumi na mitatu, niko Ngamiani, kwenye vyumba vyetu viwili.

Mama alikuwa mjane, mpika vitumbua. Pesa aliijua, asikudanganye mtu. Akirudi kuuza asubuhi, kabla hajanunua hata sukari ya chai, alitenga kwanza hela ya mchele na mafuta ya kesho. Kisha noti moja aliitumbukiza kwenye kibubu, kisanduku cha mbao kilichopigwa misumari pande zote. Kilichobaki ndicho tulichokula, na siku nyingine kilikuwa muhogo na chai ya rangi. Nikinuna ananiambia, "Hela ikishaingia humo imekufa, Mwanaisha. Usiililie." Tulikula hivyo miaka mitatu, kwa sababu kibubu kile kilikuwa cha shule yangu.

Nikafaulu darasa la saba, nikachaguliwa shule ya bweni kule milimani, upande wa Lushoto. Ikaja karatasi: ada, godoro, ndoo, shuka mbili. Mama alikitikisa kibubu sikioni akacheka. "Zinatosha, na nauli juu!" Usiku ule sikulala kwa furaha.

Wiki ileile akaja shangazi, dada wa marehemu baba, kutoka Chumbageni. Binti yake anaolewa. Kwetu harusini wanawake huvaa kanga za namna moja, na shangazi hakuwa na haya, alitaka sare tatu: ya kupaka hina, ya nikahi, na ya siku ya kumtoa bibi harusi nje. Juu ya hizo kuna kumtunza bibi harusi, noti mkononi, mbele za watu.

"Wifi, wewe ndiye uliyebaki mahali pa kaka yangu," alisema. "Usinitie aibu."

Alipoondoka, mama alikivuta kibubu karibu. Kisha akainuka kuchukua nyundo.

"Mama, si ulisema zimekufa!" nililia.

"Nyamaza. Nisipowavalia wenzangu, zamu yetu ikifika atakuja nani? Nitakusomea maulidi ya kukuaga, na haohao watakutunza. Zitarudi zote, na ziada."

Aliamini, maskini. Alikuwa na orodha kichwani ya kila mwanamke ambaye yeye aliwahi kumtunzia mwanawe, na kwake ilikuwa sawa na kuweka benki.

Maulidi yakasomwa. Pilau ilipikwa kwa mtaji wa vitumbua, mchele wote wa wiki. Wanawake wakajaa hadi uani, marashi yakanyunyizwa, vigelegele vikapigwa. Mimi nimekaa mkekani, wanakuja mmoja mmoja, wananibusu, wananiwekea zawadi mapajani. Kanga. Kanga. Seti ya vikombe. Kanga. Shangazi akaja kwa mbwembwe zote, akanifunika mabegani doti yake. Ilikuwa sare ya harusi ya binti yake, ile ya tatu, iliyombakia. Nilimtazama mama. Alikuwa bado anatabasamu, lakini macho yake yalikuwa kwenye ile doti.

Walipoondoka tulikuwa na doti kumi na moja, na fedha ya kununua ndoo.

Kesho yake mama alizipeleka sokoni. Doti saba zilikuwa sare za harusi zilizokwisha chezwa, na kila aliyeikunjua moja aliuliza, "Mama, hii si ya harusi ya fulani? Mji mzima unayo!" Nne zilizobaki zikaenda kwa bei ya kutupa, zikarudisha mchele na mafuta tu. Siku ya kuripoti shuleni nilikuwa jikoni nageuza vitumbua, moshi machoni. Nafasi yangu ikaenda kwa mwingine. Bweni lile sijaliona hadi leo.

Mama aliugua nami nikiwa mtu mzima. Miezi minane dawa nilinunua peke yangu, na waliokuja kumwona walikuja na machungwa. Alipofariki, loo! Nyumba haikutosha. Wanawake walewale walikuja na masufuria yao, na magunia ya mchele, wakapika siku tatu. Khitma haikunigharimu shilingi. Nilikaa katikati yao nikaelewa kitu ambacho utotoni nisingekielewa: mjane mwenye mtoto mmoja anaogopa siku ambayo hatakuja mtu. Mama alikuwa anailipia siku ile, na deni lake walimlipa kamili, akiwa sandani. Nilielewa. Kumsamehe bado.

Sasa jana jirani kasimama mlangoni na kanga yake. "Elfu ishirini tu, shoga. Nimekuandika."

Nilitaka kumwambia sina. Wallahi nilishafungua mdomo. Nikakumbuka kwamba nami sina mume, na mtoto ninaye mmoja.

Nimempa. Nimezitoa kwenye bahasha ya ada ya Zuwena, na Zuwena alikuwa amesimama nyuma yangu, anatazama.