Mbolezi Iliyoachwa Patupu

Jumatano ile Garifalia Kouvara alitoka chumba cha kuandikia filamu amefura kama andazi kwenye mafuta. Watu wa stesheni ya runinga walimpisha njia. Walizoea kumwona akicheka.

Kazi yake ilikuwa kusikiliza Kigiriki na kuandika Kiingereza chini ya picha. Mistari miwili, isizidi, na iondoke kabla jicho la mtazamaji halijachoka. Mtu kwenye filamu akimwaga maneno kapu zima, yeye anachagua kiganja kimoja kinachobeba yote. Aliipenda kazi hiyo, na aliipenda stesheni yenyewe, ile ndogo ya wahamiaji, kwa kuwa katika Sydney nzima hakuna mwingine aliyekuwa tayari kununua filamu ya Mani, kule kwao Ugiriki kwenye mawe na mizeituni, na kuionyesha Jumapili jioni watu wakiwa bado mezani. Ndiyo maana ilimuuma zaidi. Mkono uliomlisha ndio uliomziba mdomo.

Tena kulikuwa na Neville. Neville ni mumewe, fundi bomba, mzaliwa wa hapohapo, mtu mwema ambaye tangu waoane amekaa mbele ya filamu za mkewe kama anayengojea kung'olewa jino. "Wagiriki wanalia, mbuzi anapita, kwisha," ndivyo alivyozisimulia zote kwa rafiki zake. Safari hii Garifalia alikuwa ameapa: hii ataielewa. Akiielewa hii, atakuwa amemwelewa mkewe, na mama mkwe, na kile kijiji walichokiacha.

Sasa filamu ina mambo yake. Mwanamume ameuawa, muuaji hajulikani. Wanawake wamezunguka jeneza, na mjane anaanza mbolezi. Mbolezi ya Mani si kilio tu. Ni baraza, ni mahakama. Humo ndani, mbele ya ukoo mzima, mjane anamtaja muuaji: shemeji yake mwenyewe, aliyekaa palepale na masharubu yake. Tangu hapo kila kinachotokea kinatokana na jina hilo.

Beryl, msimamizi wake, mama wa makamo anayekunywa chai siku nzima, alikuwa amekaa pembeni akikagua. Kigiriki hajui hata salamu.

"Lia, mpenzi," akauliza, akilikata jina la Garifalia kama kawaida yake, "hapa huyu mama anafanya nini?"

Hapo ndipo Garifalia alipojikwaa. Kumuuliza mtu wa Mani habari za mbolezi ni kama kumuuliza bibi harusi habari za gauni lake. Akasahau alipo.

"Anaimba! Sikiliza mizani hiyo, Beryl. Silabi nane kila mstari, hakuna unaochechemea. Kwetu mwanamke asiyejua hivi, mumewe kazikwa kama mbwa!"

Beryl akaweka kikombe chini. "Basi kama anaimba, acha patupu. Nyimbo hatuandiki, unajua mwenyewe."

"Lakini huu si wimbo."

"Umesema sasa hivi anaimba."

"Beryl, anamtaja muuaji!"

"Kwa kuimba."

"Nipe mistari miwili tu. Ule wa jina na unaofuata."

"Wimbo mmoja, kipande kimeandikwa, kipande hakikuandikwa? Watu watasema tulisinzia kazini. Hapana, mama."

Garifalia akapanda ghorofani kwa mkuu wa filamu, bwana msomi aliyekuwa akifunga sanduku kwenda tamasha ng'ambo. Yule bwana akamsikiliza kwa upole, akamshika bega.

"Garifalia, muziki ni lugha ya wote. Waache watu wahisi."

"Wahisi nini, mzee wangu? Watahisi kwamba ni shemeji?"

"Utashangaa," akasema bwana yule, akavuta zipu.

Jumapili ikafika. Neville alivaa shati safi kama anayekwenda kanisani. Bi Stamatia, mama yake Garifalia, alikaa na nguo zake nyeusi na bakuli la mbegu za maboga, akibangua na kutema maganda kwenye leso. Filamu ikaanza saa moja unusu, jua la kiangazi likiwa bado uani.

Na Neville akanasa! Hakusinzia. Alisogea mpaka ukingoni mwa kochi.

"Huyu wa masharubu simwamini," akasema.

"Nyamaza, mkwe, tazama," Bi Stamatia akamwambia, naye amefurahi.

Likaja jeneza. Mjane akafungua kinywa. Na chini ya picha, kweupe. Mjane anapiga kifua, wanawake wanaitikia, kweupe. Neville akainama, akakaza macho kama maandishi yamejificha kwenye zulia.

"Anasema nini, mke wangu?"

Garifalia akavuta pumzi aanze. Bi Stamatia akampiga kofi gotini.

"Funga mdomo! Nyumba hii haina maiti, na mbolezi huita maiti."

"Mama, ni filamu."

"Wa kwenye filamu anaye maiti wake. Wewe wa kwako nani? Mimi? Unanisomea nikiwa nakula mbegu? Kama ni lazima, nenda nje."

Garifalia akamshika Neville mkono, wakatoka mbio hadi chini ya kamba za nguo, wakawa wanaitazama runinga kupitia dirisha, haina sauti. Garifalia akaanza. Lakini mbolezi haianzii kwenye jina. Huanza na mlango wa marehemu, kisha bunduki yake, kisha mikono yake.

"Ni nani basi?" Neville akauliza.

"Subiri, bado anasifu mikono."

"Jina, Lia!"

"Jina haliji kabla ya mikono!" Yeye huyu, anayefupisha maneno ya watu kila siku ya Mungu, hakuweza kufupisha haya.

Alipolifikia jina, dirishani masharubu yalikuwa yamelala chini kwenye mawe na majina ya waigizaji yakipanda.

"Shemeji yake!" Neville akasema. "Nilijua. Lakini sikumwona akifa." Akasogeza shuka iliyoanikwa mbele ya uso wake. "Hebu rudia pale pa mikono."

Akarudia. Lakini usiku ule Garifalia hakupata usingizi, maana jijini kulikuwa na waume wengine wengi, na wao hawakuwa na mtu wa kuwatoa nje.

Jumatatu Beryl alimpokea na uso uliochoka. "Simu hazikukatika jana. Wote wanauliza, nani alimuua yule bwana?"

Moyo wa Garifalia ukaruka. "Kwa hiyo mkuu amekubali tuandike?"

"Amepiga simu toka huko aliko. Kuanzia sasa tutanunua zisizo na nyimbo nyingi."

Garifalia alikaa, akavaa vile vya kusikilizia vya masikioni, akaweka filamu iliyofuata, iliyokwisha kununuliwa tayari. Kwenye picha wanawake walikuwa wanamvisha bibi harusi, wamepanga mstari, vinywa wazi, vichwa vikiyumba pamoja.

Beryl akasogeza kiti na chai yake. "Na hawa, mpenzi, wanafanya nini?"

"Wanazungumza," akasema Garifalia, na vidole vyake vilikuwa vimekwisha kuanza kuandika.