Tonton Producteur na Kilio cha Bibi

Wewe unanijua, sikai kitako. Hata kusuka nywele ni kazi kwangu. Dada wa saluni hunishika kichwa kama anashika kuku. Jumamosi iliyopita nilikuwa Galerie d'Ixelles, hapa Brussels, kwenye kiti cha karibu na mlango, naye anasuka huku anatazama filamu kwenye simu aliyoiegemeza kwenye kopo la mafuta. Filamu ya kwetu, watu wanagombana sebuleni kwa Kiswahili na Kifaransa. Nikamuuliza nani kaitengeneza. "Sijui, maman, kila muntu anatengeneza siku hizi," akasema, akanirudisha kichwa mbele. Kichwa kikabaki pale, lakini mimi nilishaondoka. Nilikuwa Laeken, ghorofa ya nne, nina miaka tisa, nasubiri kuambiwa kwamba baba yangu amekufa.

Si baba wa kweli. Baba wa filamu.

Siku zile si kila mtu aliyetengeneza. Kwa watu wetu wa Brussels, waliotoka Bujumbura na Katanga, alikuwepo mmoja tu, naye tulimwita Tonton Producteur, yaani Mjomba Mtayarishaji. Alitoka Lubumbashi, ambako ujana wake wote alikuwa fundi wa mashine katika jumba la sinema. Alisema kazi aliisoma kupitia kile kidirisha kidogo cha chumba cha mashine, kwa kutazama filamu moja mara arobaini mpaka akajua wapi watu watacheka. Hapa alisafisha ofisi alfajiri, na ikifika saa nne asubuhi kamera ya kaseti iko begani. Alikuwa mtayarishaji, mwongozaji, mpiga picha na mbeba viti. Chai alikunywa wima. Ukimwambia, "Tonton, kaa basi," alijibu, "Tutapumzika kwa film ingine," na film ingine ikifika, ilikuwa vilevile.

Ya kwanza ilikuwa ya harusi, na nusu yake aliipiga ndani ya tramu mpaka dereva akawateremsha wote, bibi harusi na shela lake. Ya pili ilimpa jina. Kaseti zake ziliuzwa katika duka moja pale Matonge, mtaa wa Waafrika, kati ya mihogo na vitenge, na kwa miezi wanawake waliitana barabarani kwa majina ya ndani ya filamu. Mama yangu alicheza humo kama mke mwenye wivu. Alicheza vizuri hata jirani mmoja akaacha kumsalimu.

Ya tatu ilihitaji matanga. Tonton akaja kwetu, akapima ukumbi kwa hatua zake ndefu, akasema atapigia hapa.

Sasa lazima nikwambie habari za bibi, mama yake mama. Mtoto wake wa mwisho, mjomba wangu, alitoka nyumbani Buyenzi, kule Bujumbura, asubuhi moja wakati wa vita na hakurudi. Hakuna aliyeleta mwili, hakuna aliyeleta neno. Miaka ikapita, tukakimbia, tukafika Ubelgiji, na bibi hakuruhusu mtu aseme "marehemu". Hitima haikusomwa. Machozi hatukuyaona. Alitembea tu. Ukumbi wetu aliutembea kwenda na kurudi, tasbihi mkononi, kandambili zinapiga sakafu, na kengele ikilia yeye ndiye wa kwanza mlangoni, hata kama ni mtu wa posta.

Kwa hiyo mama alipomwambia kuna filamu ya matanga, bibi alijibu kwamba yeye hamo, akaingia chumbani kwake, akafunga.

Siku ile nyumba ilinuka pilau toka asubuhi. Tonton alikataa sufuria tupu. Alisema sura ya mtu inajua kama chakula ni cha uongo. Mama alikaanga vitunguu mpaka vikawa vyeusi kidogo, akachoma binzari, na ndagala, dagaa wa kwetu, wakakaangwa kwa ajili ya wale wasioweza kungoja. Viatu vilirundikana mlangoni. Majirani walijifunga vitenge, wakaketi chini kwenye mkeka, wanabanana na kubana vicheko. Mimi nilikuwa mtoto wa marehemu, katikati yao.

"Weye mutoto, usiangalie kamera," Tonton aliniambia. "Angalia ile mulango ya chumba. Unawaza baba yako atatokea pale."

Wakaanza kulia. Tonton akasimamisha.

"Bamaman, muko nalia kama bantu benye kushiba. Tunarudilia."

Wakarudia. Safari hii jirani mmoja alipandisha sauti, mwingine akaipokea, na ghafla kilikuwa kilio kile hasa cha kwetu, kinachopanda na kushuka. Mimi nilikuwa nautazama mlango kama nilivyoagizwa. Ndipo ukafunguka, na bibi akatoka.

Hakutazama kamera wala sisi. Alikuja moja kwa moja mpaka katikati ya mkeka, akakaa, na akamwita mjomba kwa jina la utotoni.

"Ulitoka na shati la mistari," alisema, "hujanywa hata chai. Nikakwambia subiri, ukaniambia narudi sasa hivi. Wamekuweka wapi? Nani kakufunika, mwanangu? Nani kakufunika?"

Akalia. Sijui nikuelezeje. Majirani waliacha kilio cha filamu, wakalia naye, na mimi nililia kwa sababu mama yangu alikuwa ameweka mkono mdomoni. Tonton alisimama palepale na kamera yake begani, na kwa mara ya kwanza nilimwona hatikisiki.

Jioni mama alimwambia, "Futa ile." Akasema atafuta.

Filamu ilionyeshwa Jumamosi mchana, katika ukumbi wa parokia waliouazima Ixelles. Bibi alibaki nyumbani. Watu walijaa mpaka ngazini. Ilipofika sehemu ya matanga, nilijiona, nikafurahi, kisha mlango kwenye filamu ukafunguka na mama akanishika mkono kwa nguvu. Nyuma yetu wanawake walianza kulia. Mama akasimama. "Zima!" Hakuna aliyezima. Akanivuta mpaka nje, na Tonton alikuwa pale kwenye korido, anakwenda na kurudi.

"Uliniambia umefuta."

"Nilijaribu, maman. Mara tatu. Mukono ilikataa."

"Yule ni mama yangu! Si muigizaji wako."

"Njo maana ilikataa," alisema Tonton, polepole.

Mama akamwambia asikanyage tena kwetu. Nyumbani tulikatazwa kuitaja filamu ile. Lakini kaseti ilikuwa imeshatoka. Ilinakiliwa, ikaenda Lille, ikaenda London, ikaenda Bujumbura kwenyewe. Shangazi alipiga simu kutoka huko kusema amemwona bibi, na mama akakata. Ilikuwa miezi ya wasiwasi, nakwambia. Kila mgeni aliyekuja, mama alimkodolea macho asije akaropoka, na bibi anaendelea na safari zake za ukumbini, hajui kwamba nusu ya watu wetu wa Ulaya wamelia naye.

Kisha mchana mmoja, nimetoka shule, kengele ikalia. Bibi akafika kwanza, lakini mama alimwahi kufungua. Alikuwa Tonton, na nyuma yake mwanamume mrefu mwenye kofia mkononi.

"Si nilikukataza?"

"Si mimi, maman. Huyu papa ametoka Namur. Alinitafuta Matonge wiki mbili. Yeye iko na neno."

Mwanamume aliingia. Tonton alibaki ngazini. Yule mgeni alikaa ukingoni mwa kiti, akamtazama bibi, akamtaja mjomba, akalitaja shati la mistari. Alisema walikuwa watu wanne wakikimbia kwenye mashamba ya michikichi upande wa Rumonge. Alisema risasi, alisema asubuhi, alisema waliobaki walichimba kwa jembe la kuokota na wakamlaza akielekea kibla.

"Ulinijuaje mimi?" bibi aliuliza.

"Nilikuona kwenye filamu, maman. Uliuliza swali."

Bibi akamgeukia mama. Mama akainamisha kichwa. Nilidhani sasa nyumba itawaka. Bibi akamrudia mgeni.

"Mlimfunika?"

"Kwa shuka langu, maman. Lilikuwa safi."

Bibi aliilaza tasbihi juu ya goti. Kisha akasema, "Yule aliye ngazini mwambieni aingie. Kuna baridi."

Ijumaa iliyofuata tulisoma hitima. Pilau lile lile, mkeka ule ule, majirani wale wale, ila safari hii hakuna aliyebana kicheko. Tonton alikuja mikono mitupu, bila kamera, akakaa karibu na mlango, na mama ndiye aliyempelekea sahani.

Baada ya hapo alitengeneza nyingine mbili. Hazikwenda mbali. Alimwambia mama kwamba akitaka kumwambia mtu "lia", mdomo hautaki. Alipiga vichekesho, watu hawakucheka. Akahamia Liège, akarudi, akaondoka tena. Siku ya kuaga alimpa bibi kaseti ya asili ya filamu ya matanga. Bibi akamrudishia. "Ikae kwako," alisema. "Hapa tutaitazama mpaka ichakae." Wengine wanasema alikwenda Montréal, wengine wanasema hakufika. Duka la Matonge likawa la simu. Kaseti za majirani zilitupwa pamoja na mashine zake. Nimeulizia nakala nyumba kwa nyumba, wananicheka.

Bibi alifariki Laeken, kitandani mwake, na mimi tangu hapo nimehama mara sita. Picha zake ninazo, kila nyumba natundika upya, lakini sauti yake ilikuwa kwenye kaseti ile tu. Wanangu huniuliza alikuwa anaongeaje. Huwa najaribu kumwiga, nawaita kama alivyokuwa akiniita, narudia tena na tena, na kila nikifungua mdomo inatoka sauti ya mama.