Ngoma Isiyongoja Mtu

Kutoka Mombasa hadi Nairobi nilikuja kwa gari moshi, hadi Kisii kwa basi, na kutoka hapo hadi Migori nikapanda nyuma ya pikapu, juu ya magunia ya chumvi. Aliyeniita alikuwa Mwislamu mmoja mwenye duka la kaseti mjini. Alikuwa amenunua kinanda cha umeme chenye ngoma ndani yake, akakosa mtu wa kukipiga. Mimi nilijifunzia hotelini, huko pwani. Alitaka kanda nzima ya nyimbo za Kijaluo bila gita wala ngoma ya mkono, jambo ambalo hatukuwa tumesikia limefanywa.

Mwimbaji alitoka Homa Bay. Sauti yake ilijaza chumba cha nyuma ya duka, ingawa mwili ulikuwa umekwisha na shati linamning'inia. Ugonjwa ule watu hawakuutaja miaka hiyo. Alitaka kitu kimoja tu: amalize nyimbo sita kabla sauti haijamtoka.

Kilichotushinda ni pakruok. Katikati ya wimbo, Wajaluo husimamisha muziki mtu ajisifu, kisha wanaendelea. Basi aliacha kuimba, akajisifu: yeye mkwe wa watu wa Ndhiwa, samaki asiyeingia wavuni. Ngoma ya mashine ikaendelea tu.

"Omera, mwambie huyo mtu wako angoje!"

"Hana masikio, ndugu yangu."

"Kumbe ni kama shemeji zangu!"

Tukacheka mpaka akakohoa.

Nikiizima ili aseme, ikianza tena ilimkuta nje ya mapigo. Mwishowe tukaamua ajisifu juu yake ikienda. Ilipendeza kuliko tulivyotarajia. Majirani walijaa mlangoni. Tulimaliza tano hivyo. Katika wimbo wa sita pumzi ilimkatikia ubeti wa pili. Tulirudia, tukarudia. Nilipunguza mwendo hadi ukawa wa matanga. Haikusaidia. Akaenda nyumbani kupumzika.

Tulimzika Homa Bay. Baadaye mkewe alikuja dukani, akaomba kusikia ule wa sita. Ulipofika pale pumzi ilipomkatikia, ngoma ikabaki peke yake.

"Shemeji, anayepiga ni wewe?"

"Hapana, ni mashine."

"Na ilipoona amechoka, haikumngoja?"

Nikabonyeza kitufe cha kuzima. Mwenye duka alisema kanda itatoka na nyimbo tano. Asubuhi yake nilipanda basi la Kisii, na Migori sijarudi tena.