Mtaro Juu ya Shamba la Verdiane

Verdiane aliporudi Masisi, baada ya miaka miwili ya ukimbizi karibu na Mubambiro, hakulitambua shamba lake la bondeni. Mitaro ilikuwa imezibika, maji yametuama, na palipokauka palikuwa na ukoko mweupe. Aliulamba. Chumvi tupu. Chemchemi ya maji moto yenye chumvi iliyoko juu ya shamba, ambayo marehemu mumewe aliielekeza mtoni, sasa ilimwagika humo humo.

Shemeji yake Rukundo alikuwa ameshaleta ng'ombe wake waje kulamba.

"Mama Verdiane, hii udongo ilikufa. Uniachie, nitakupatia kipande kule juu kwa mulima."

"Kule kwa mawe? Hapana, shemeji. Chumvi iliingia na maji, itatoka na maji."

Kiangazi chote alichimba peke yake. Kwanza mtaro wa juu, wa kuikamata chemchemi kabla haijafika shambani. Kisha mifereji ya kushusha maji mtoni, na katikati yake matuta marefu. Waliotoka kanisani walisimama njiani wakimcheka. Septemba mvua ikaanza kuyaosha matuta, na kila juma Verdiane akawa anauonja udongo kwa ncha ya ulimi.

Hata hivyo, maharage ya kwanza yaliungua majani kwa chumvi. Tena, siku moja aliyokwenda sokoni, ng'ombe wa Rukundo waliingia wakaubomoa mtaro wa juu.

Hakulia. Alikwenda moja kwa moja kwa shemeji yake, jembe begani, akamkuta ameketi na wageni.

"Ng'ombe zako zilibomoa mutaro. Kesho uje tuuchimbe, ao nitafunga njia na miba. Mi sihami. Nilikimbia vita, lakini ng'ombe siwezi kuzikimbia!"

Rukundo hakuja. Verdiane aliuchimba upya mwenyewe, akazungusha miti ya miba, akatandaza samadi na nyasi kavu juu ya matuta ili jua lisiivute chumvi juu tena.

Msimu uliofuata maharage yalichanua kwenye matuta yote isipokuwa pembe ya chini. Asubuhi moja Rukundo alikuja akasimama nje ya miba, akaitazama pembe ya chini.

"Ile kona ingali nyeupe," alisema.

"Ninaiona," Verdiane akajibu bila kuinua mgongo. "Nitaifikia."