Jirani Asiyeandikwa Kazi

Nimeishi miji mingi, na kote huko nyumba hujengwa na watu wa kulipwa. Kwa hiyo niliporudi kwetu Marungu mwaka huu kumsaidia mama kuongeza chumba, nilisimama uani nikitazama kama mtu aliyepotea njia.

Fundi alikuwa ameunga fremu ya paa pale chini, maana juu upepo ulikuwa mkali. Jumamosi asubuhi majirani wakafika, wanawake na sufuria zao, wanaume mikono mitupu. Mmoja akaanzisha wimbo wa kanisani. Mabega yakaingia chini ya mbao, na fremu nzima ikapanda. Ikapita kichwa changu, ikapita ukuta, ikatulia juu mahali pake bila mtu yeyote kutoa amri. Nilisahau kabisa kwamba nami nilikuwa na mabega.

Jirani yetu wa karibu, mwanamume aliyepita miaka hamsini, alikuwa juu ya ukuta akiipokea fremu. Jiwe la pembeni likalegea. Alianguka na kuvunjika mguu, na daktari wa Voi akasema lazima apasuliwe na kuwekewa chuma.

Hapo ndipo tulipoikumbuka bima. Dada yangu, ambaye ni mwalimu, alikuwa ameichukua kwa ajili ya ujenzi huo. Kabla kazi haijaanza, ajenti mmoja wa kike alikuja, akapiga picha kila ufa wa nyumba ya zamani, kisha akamwuliza mama watu wangapi watafanya kazi. Mama alijibu wawili, fundi na msaidizi wake. Hakudanganya. Kwetu anayekuja kukuinulia paa hahesabiwi. Ukimhesabu umemfanya kibarua, na siku nyingine hatakuja.

Lakini fomu ilisema wawili, na aliyelala wodini alikuwa mmoja wa majirani ishirini na kitu waliokuja kuinua paa.

Mimi, kwa akili niliyookota barabarani, nilimwinamia jirani kitandani nikamshauri aseme kwamba fundi alimwandika kazi asubuhi ile ile, ili bima imlipe.

"Wewe umetembea mpaka umesahau kwenu," akasema. "Kibarua wa nani? Nilikuja kwetu."

Ajenti alifika Jumatatu kwa bodaboda, akiwa na vumbi hadi kwenye nyusi. Akavuta kiti karibu na kitanda, akaanza maswali. Nani alimwajiri? Hakuna. Aliahidiwa nini? Hakuna.

"Lakini mlikula hapo, mzee?"

Mama, aliyekuwa mlangoni, akajibu kwamba walikula kimanga, yaani mihogo na maharage yaliyopondwa pamoja, na chai. Ajenti akasimamisha kalamu. Hapo ndipo nilipoona jinsi sahani ya kimanga inavyoweza kugeuzwa kuwa mshahara wa mtu asiye kwenye fomu, na mguu wa mtu ukabaki hivyo hivyo.

Jirani akacheka, akajikunja kwa maumivu.

"Binti yangu, hata nisipofanya kazi nakula hapo. Jana yake nilikula. Mwulize huyo mama kama nimewahi kukosa."

Mama akasema kwamba hajawahi, hata siku ambazo hakualikwa.

Ajenti aliandika maneno yale polepole, yote. Kisha akatueleza kwamba bima ya wafanyakazi ilikuwa ya wale wawili tu. Kama jirani angedai ni kibarua, angekataliwa pale pale. Lakini kulikuwa na sehemu nyingine, ya mtu asiyeajiriwa anayeumia kwenye eneo la ujenzi. Angeyapeleka maelezo yale ofisini kama alivyoyasikia.

Nilitoka nje nikaiangalia milima ya Taita. Nilikuwa nimezoea karatasi zinazofukuza watu. Sikujua kwamba kuna karatasi iliyomwachia jirani mahali pa kukaa, wala kwamba ingemtaka aseme ukweli tu ili aingie. Na mimi nilikuwa nimebakisha kidogo tu nimfungie mlango.

Baada ya siku tisa ujumbe ukaja kwenye simu ya dada: kampuni imekubali kugharamia upasuaji. Nilikwenda wodini kumsomea. Alisikiliza huku amefumba macho.

"Wameandika mimi ni nani?"

"Mgeni."

Akafikiri.

"Wamekosea kidogo," akasema. "Lakini si mbaya."