Tulale Wapi Venisi

Safari hii ilianza kwa pasipoti. Mama Furaha alipoapishwa kuwa raia wa Marekani, binti yake Furaha, anayeishi na mumewe katika mji wa Mansfield, karibu na Dallas, alimwambia kwamba pasipoti isiyosafiri ni sawa na viatu vya sikukuu vilivyofungiwa sandukuni. Akamkatia tiketi ya meli ya watalii: juma zima baharini, kutoka Venisi hadi visiwa vya Ugiriki na kurudi. Nami nikaombwa nifuatane naye.

Mimi, Zuhura, ni muuguzi katika hospitali moja ya Houston na naishi Pearland. Mama Furaha nilimfahamu nilipokuwa bado Dallas, tukifanya kazi katika nyumba moja ya kutunzia wazee. Yeye akiwaogesha na kuwalisha, mimi nikigawa dawa. Yeye ni Mkongo wa Fizi, mimi Mtanzania wa Morogoro. Ananiita mdogo wangu, nami namwita dada. Kiswahili chake, kilichozaliwa Kongo na kukulia kambini Kigoma, nimekizoea hata nikikikosa kwa muda mrefu nakitamani.

Furaha alipanga kila kitu isipokuwa jambo moja. Tungefika Venisi siku mbili kabla ya meli kuondoka, na mahali pa kulala siku hizo alituachia wenyewe.

"Aunty, hiyo mta-choose nyinyi," aliniambia kwa simu. "Ndiyo fun yenyewe."

Siku moja kabla ya safari niliendesha gari kutoka Pearland hadi Dallas. Nyumba ya Mama Furaha iko Vickery Meadow, ghorofa ya pili, katika mtaa ambao ukishuka ngazi unaamkiwa kwa lugha nne kabla hujafika kwenye pipa la takataka. Alikuwa amepika sombe, yaani kisamvu, na bugali. Tulipokwisha kula nilifungua kompyuta mezani, nikamweleza mambo yalivyo.

Mji wa Venisi umejengwa juu ya visiwa vidogovidogo ndani ya ziwa la maji ya chumvi. Hauna gari hata moja. Barabara zake ni mifereji. Tungeweza kulala bara, sehemu iitwayo Mestre, ambako kuna mabasi, treni na hoteli za kawaida, kisha tuvuke asubuhi kwenda kuutazama mji. Au tulale visiwani karibu na kituo cha treni, ili masanduku yasitutese kwenye madaraja. Au tulale katikati kabisa, penye uwanja mkubwa na kanisa la makuba, tuvumilie msongamano wa watu. Meli yenyewe isingetusumbua: mji umekataza meli kubwa zisipite katikati yake, kwa hiyo abiria huandikishwa bandarini kwenye ukingo wa visiwa, inapoishia barabara itokayo bara, halafu basi huwapeleka meli ilipo.

Mama Furaha alisikiliza mikono yake ikiwa mapajani.

"Sasa nani anaamua?" aliuliza.

"Sisi."

"Si Furaha?"

"Si Furaha. Wewe na mimi. Wewe kwanza."

Alivuta kiti karibu na meza. Kisha akasema, "Mdogo wangu, miye sijaulizwa hivi tangu nizaliwe. Tulipokimbia, tulilala mahali giza lilitukuta. Kule kambini walituonyesha kiwanja, wakasema jengeni hapa. Huku Dallas nilishuka ndege, mtu akanipa ufunguo wa hii nyumba. Sikusema ndiyo, sikusema hapana. Nililala."

Alitazama picha za mifereji kwenye kioo cha kompyuta, akaigeuza kidogo, itazame upande wangu.

"Na kuna neno ingine. Miye naogopa maji. Batoto hawajui."

Nilishtuka. "Dada! Na meli je? Kwa nini hukumwambia Furaha?"

"Zawadi ya mtoto unairudishaje?"

Nilimwambia bado tunaweza kuahirisha, kwamba Furaha angeelewa. Alitikisa kichwa. Asubuhi, kabla ya gari la uwanja wa ndege kufika, alinijibu swali la jana. "Tulale bara. Mahali penye udongo." Nikalipia chumba palepale, kwa simu, siku mbili Mestre.

Tulipaa kutoka Dallas alasiri, tukabadilisha ndege mara moja, na tulipotua Italia jua lilikuwa limepanda. Hoteli yetu ilikuwa jirani na kituo cha treni. Mama Furaha alikanyaga lami nje ya mlango kama anayeijaribu, akaridhika. Palikuwa na magari, taa za barabarani, duka la simu, pikipiki zinazopiga kelele. Kwa kweli palifanana na popote. Tulioga, tukalala kidogo, kisha nikamwuliza kama angependa tukautazame mji walau kwa mbali. Akasema twende, hakuvuka dunia kuja kutazama shuka za hoteli.

Treni kutoka Mestre hupita juu ya daraja refu, maji kulia na maji kushoto. Mama Furaha alifumba macho tangu mwanzo wa daraja hadi mwisho, akinibana mkono, midomo ikicheza kwa sala. Nilitazama kwa niaba yetu sote. Maji yalikuwa ya kijivu yenye kung'aa, yametulia, na mbele yetu minara ilikuwa imesimama katikati yake bila kitu chochote chini ya miguu.

Kituoni tulifuata umati hadi mlangoni, na hapo tukasimama. Sijui nieleze vipi. Mtu anayetoka kituo cha treni hutazamia teksi na kituo cha basi. Sisi tulikuta ngazi pana za mawe zikishuka moja kwa moja hadi kwenye mfereji mpana, wa kijani, wenye pilikapilika kama barabara kuu ya Houston saa za watu kutoka kazini. Ila kila kilichopita kilikuwa ni boti. Ng'ambo yake kanisa lenye kuba la rangi ya shaba iliyochakaa lilisimama ukingoni. Basi lilikuwa boti, teksi ilikuwa boti. Jamaa mmoja alipita na boti iliyobeba mashine za kufulia zimefungwa kamba, huku akiongea na simu.

"Yesu wangu," Mama Furaha alinong'ona. "Kumbe watu banaishi."

Tulitembea. Alitembea akishika kuta, upande usio na maji, na kwenye kila daraja alipanda akitazama vidole vya miguu yake. Lakini nilimwona anaanza kuinua macho. Kilichotunyamazisha ni ule ukimya. Sisi tunaotoka Texas, ambako hata kununua mkate ng'ambo ya barabara ni lazima uwashe gari, hatukujua kwamba mji mzima unaweza kusikika hivi: visigino juu ya mawe, vijiko ndani ya vikombe, mtu anayecheka nyuma ya dirisha. Watoto walicheza mpira uwanjani bila mzazi kuwafokea wakae pembeni. Nguo zilianikwa juu ya mfereji, kutoka nyumba hadi nyumba, na maji yalizionyesha tena chini kama kioo, mashuka na soksi na yote.

Bila kujua tulifika ukingo wa kaskazini wa mji, penye hospitali. Hapo tulisikia king'ora. Nimesikia ving'ora maisha yangu yote ya kazi, na kwa mazoea nikageuka kutazama barabarani. Hapakuwa na barabara. Boti ya rangi ya machungwa ilikata kona kwa kasi, ikapunguza mwendo, ikaingia kwenye mlango wa hospitali uliokuwa wazi juu ya maji. Wahudumu wawili walisimama kabla haijatia nanga, wakamtoa bibi mmoja mzee akiwa juu ya machela, wamemfunika hadi kidevuni. Mmoja alikuwa amemshika mkono. Boti iliyumba, machela haikuyumba.

Mama Furaha alikuwa ameachia ukuta. Amesimama ukingoni kabisa, shingo ameinyoosha, kama anavyosimama kazini mgonjwa mpya anapoletwa.

"Umeona walivyomshika?" aliuliza. "Hawakumwacha hata kidogo."

"Nimeona, dada."

"Bibi yule hakuogopa."

Tulipotaka kurudi, magoti yake yalikuwa yamechoka na madaraja, na njia nyepesi ya kufika kituoni ilikuwa boti ya abiria, ambayo kwanza hupita nje, kwenye maji mapana, upande wa kisiwa cha makaburi. Nilimwambia tunaweza kupumzika halafu tutembee polepole. Aliitazama boti ikifunga kamba, akawatazama kina mama waliokuwa wanashuka na mifuko ya mboga, na kabla sijamaliza sentensi yangu alikuwa ameshatia mguu ndani.

Hakukaa chini. Alisimama pale katikati palipo wazi, mikono yote miwili kwenye reli. Boti ilipotoka ukingoni nikamsogelea. Hakufumba macho safari hii.

"Nilivuka ziwa la Tanganyika na Furaha mgongoni," alisema bila kunitazama. "Watu wengi, boti ndogo. Walitufunika turubai ili tusionekane. Nilisikia maji yanapiga mbao karibu na sikio yangu mpaka kukacha. Sikuyaona. Hata mara moja. Miaka yote nikilala, nasikia ile maji, sijui inafanana na nini."

Upepo ulimpeperushia ncha za kitambaa cha kichwani. Kisiwa cha makaburi kilipita, kuta za matofali mekundu na miti myembamba iliyochongoka, na nyuma yake, mbali sana, milima yenye theluji ilikuwa imejitokeza juu ya ukungu kama imeandikwa kwa chaki. Aliyatazama maji namna mtu anavyomtazama mtu ambaye kwa miaka mingi amemsikia tu bila kumwona.

"Ni mazuri," alisema mwishowe, kwa mshangao. "Zuhura, ni mazuri."

Boti ilipoingia mferejini, akanigeukia. "Kesho tulale huku."

Usiku wa kwanza tulilala Mestre kama tulivyopanga. Asubuhi tukaaga, tukavuka na masanduku yetu, na kwenye daraja la treni yeye ndiye aliyenionyesha ndege weupe waliosimama juu ya nguzo. Nilikuwa nimepata chumba katika nyumba ya wageni mtaa wa Cannaregio, umbali mfupi kutoka kituoni, daraja moja tu. Mwenyeji wetu, Bi Loredana, mwanamke wa makamo mwenye miwani iliyoning'inia kifuani, alitupokea mlangoni akachukua sanduku la Mama Furaha kwa nguvu, wakagombana kidogo kwa ishara nani alibebe. Kiingereza chake kilikuwa kichache. Alitufungulia vyumba viwili mkabala, akatuambia tuchague: kimoja dirisha lake lilitazama ua wenye mmea wa zabibu, kingine mfereji.

"Hapa kimya," alisema akionyesha ua. Akageukia kile kingine. "Hapa maji."

Nilikuwa nimeshafungua kinywa kuomba cha uani, nikimwonea huruma mwenzangu.

"Maji," alisema Mama Furaha kwa Kiswahili, akaingia.

Bi Loredana hakuhitaji mkalimani. Alicheka, akasukuma madirisha yakafunguka hadi ukutani.

Siku ile hatukwenda kuona kanisa wala jumba lolote. Mama Furaha alivuta kiti dirishani, nami nikavuta changu. Jua lilipogeuka, mwanga ulirushwa na maji ukaingia chumbani, ukawa unacheza juu ya dari, mawimbi ya dhahabu yasiyolowesha kitu. "Dari inatembea," alisema, akalala chali kitandani na viatu vyake aitazame vizuri. Chini yetu ilipita boti ya kukusanya taka, ikapita ya mboga, ikapita iliyobeba jeneza na mashada, na waliokuwa ukingoni wakasimama hadi ilipopita. Mama Furaha naye alisimama. Jioni Bi Loredana alituletea sahani ya dagaa waliopikwa kwa vitunguu na siki. Mama Furaha alionja, akafikiri, akaonja tena, akasema hawa ni ndugu wa dagaa wa Kigoma, tena wa karibu.

Asubuhi ya meli tulivuka mji kwa miguu hadi bandarini, tukaandikishwa, tukapanda basi. Meli ilipotokea, kubwa kuliko hospitali ninayofanyia kazi, madirisha juu ya madirisha, nilinyoosha mkono kumshika. Aliusukuma taratibu. "Acha nipande miye mwenyewe." Akapanda, begi begani, akimwitikia kwa kichwa kila mhudumu aliyemsalimu.

Ya baharini ni mengi. Tuliona kuta za Kroatia zikigeuka waridi jua lilipozama, na visiwa vya Ugiriki vilivyokauka hata unajiuliza mbuzi wanakula nini. Nakumbuka zaidi asubuhi ya kwanza, nilipoamka nikakuta kitanda chake kitupu. Nilimkuta sitahani. Hapakuwa na nchi kavu upande wowote, buluu tupu hadi mwisho wa macho, naye alikuwa anaimba wimbo wa kwaya kwa Kibembe, kwa sauti kamili, wazee wawili wa Kizungu wakimsikiliza na vikombe vyao vya kahawa.

Tuliporudi Dallas, Furaha alitungoja uwanjani. Ndani ya gari, akiwa na furaha kuliko sisi, alimwambia mama yake habari aliyoitunza: wamemwandalia chumba Mansfield. Nyumba kubwa, uwanja wa nyuma, mtaa safi. "Mama, hutarudi tena Vickery Meadow. It's done."

Mama Furaha alimshukuru, akambusu, akamwomba ampe nafasi afikiri. Furaha alinitazama kwenye kioo kana kwamba nimembadilishia mama.

Nilikuwa nimesharudi Pearland na zamu zangu aliponipigia simu.

"Nimekataa chumba," alisema. "Nimebaki hapa. Natembea hadi kanisani, natembea hadi sokoni, treni iko pale, nikigonga ukuta jirani anaitika. Furaha amelia kidogo, halafu ameelewa."

"Kwa hiyo hakuna kilichobadilika, dada."

"Kimebadilika, mdogo wangu. Kwanza nilipewa hapa. Sasa nimechagua hapa."

Nami kazini nimebadilika kidogo. Zamani nilimwuliza mgonjwa kama anataka kitandani au kitini, dirisha wazi au limefungwa, huku mikono yangu ikiwa imeshaamua. Siku hizi nikiuliza, nasimama, mikono mfukoni, hata ikichukua muda, mpaka anijibu.