Aliyekuja Kumbeba Mama

Nikipita karibu na fundi anayeranda mbao, harufu ile hunirudisha Muleba, asubuhi aliyozikwa mama.

Ugonjwa wake ulitajwa kwa kunong'ona tu. Wajomba zangu walisimama mbali, katikati ya migomba, wakiogopa kumgusa dada yao. Ndipo akaja kutoka Bukoba sista mmoja aliyewafundisha useremala watu waliotoka gerezani. Alileta jeneza, pamoja na mwanafunzi aliyelitengeneza. Bibi alimtazama sana yule mwanaume, kisha akamwonyesha mkono wake uliopinda.

"Ni wewe uliyenivunja huu, usiku ule mlipokuja kutuibia kahawa."

"Ni mimi, mama," alijibu, macho chini.

Sista hakumtetea. "Usipotaka aingie, nitaondoka naye. Jeneza tutakuachia."

Bibi aliwageukia wanawe kule migombani. Hakuna aliyesogea. Nzi walisikika ndani, chumbani alimolala mama. Nilimshika bibi kanga, naye hakuniangalia.

"Ingia," alimwambia yule mwanaume. "Ukimwinua, mshike kichwa vizuri. Shingo ilikuwa inamuuma sana."